Kaka anataka tuuze kiwanja cha mama tukanunue dawa ya kemokini China, nimpe hati?

Shangazi shikamoo. Naomba usinitaje jina, niite tu Mtoto wa Pili wa Mbeya inatosha maana safu yako na mawifi zangu wanaisoma.

Mama yetu ana miaka 61. Miaka miwili mizima alikua analalamika tumbo, kila akienda zahanati anaambiwa vidonda vya tumbo anapewa omeprazo anarudi nyumbani, inatulia wiki mbili inaanza upya. Mwaka huu mwezi wa tatu akaanza kushiba haraka, yani matonge mawili tu anasukuma sahani, akapungua mpaka kitenge kinamzunguka mara mbili, ndo tukampeleka hospitali kubwa wakampiga kamera wakachukua kinyama. Majibu kansa ya tumbo, na imeshatoka nje ya mfuko wa chakula, ina madoa kwenye ini alafu tumbo linajaa maji. Daktari akatuita watoto pembeni akasema stej ya nne, hii haikatwi, ataanzishiwa kemo kupunguza makali. Mpaka sasa kamaliza mizunguko miwili ya dripu na vidonge, kutapika anatapika ila anatembea vizuri, anajipikia, juzi nimemkuta anapalilia maua yake.

Sasa shangazi shida ndo inaanzia hapa. Kaka yetu mkubwa yuko Guangzhou mwaka wa nane huu, anahangaika na makontena. Mwezi uliopita akaturushia kwenye grupu la familia video na makaratasi, anasema kuna tiba mpya inaitwa kemokini, inafunga mawasiliano ya kansa isijue pa kwenda, na kuna dawa ya CCR8 inafanyiwa majaribio kwa watu wa kansa ya tumbo stej ya nne kama mama na wengine uvimbe umenywea. Amepata jamaa anaesaidia wagonjwa wa Afrika, anasema nafasi kwenye majaribio ipo ila ni dola 18,000 na nusu inalipwa kwanza kushika nafasi. Kaka anataka tuuze kiwanja cha Uyole. Hati ina jina la mama, na ninavyokuandikia hapa iko kwenye mkoba wangu, nimeitoa kabatini kwake bila yeye kujua.

Na hajui pia anaumwa nini. Tumemwambia ni vidonda vikubwa vinatibiwa kwa dripu. Kaka anasema tumpelekee karatasi asaini tumwambie ni mambo ya kodi ya ardhi.

Na tena anasema wakati tunasubiri hela, kuna vidonge vya watu wa HIV navyo vinafunga kemokini, atampa mtu anaekuja Dar aniletee nimpe mama kimyakimya. Mimi nauza duka la vifaa vya shule, sayansi niliiacha form two. Mdogo wetu wa mwisho analia tu. Nikikataa nitaambiwa nimemuua mama, nikikubali sijui. Nifanyeje?

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Ngoja nikupe jibu kwanza maelezo yatafuata. Kemokini ni kitu cha kweli. Dawa za CCR8 ni za kweli na kweli ziko kwenye majaribio. Ila huyo jamaa wa kaka yako anawauzia siti kwenye basi ambalo halikatishi tiketi. Msiuze kiwanja, na hivo vidonge usimpe mama hata kimoja.

Nimefanya kazi wodi ya kansa miaka mingi kabla sijastaafu, na familia kama yenu nimeziona nyingi, ndo maana kaka yako simlaumu. Mtoto aliye mbali ana adhabu yake, hawezi kumshika mama mkono kwaiyo anashika simu usiku kucha anatafuta dawa. Na alichokikuta sio upuuzi, hebu nikueleze kwa lugha ya dukani kwako.

Umewahi kupita mtaani alfajiri kuna mtu anakaanga vitumbua? Hakuna aliyekuelekeza viko wapi, pua inakupeleka, harufu ikizidi unajua unakaribia ikipungua unajua umepitiliza. Kemokini ndo hizo harufu ndani ya mwili. Ni protini ndogondogo, zinatolewa sehemu fulani na seli za kinga zinazifuata mpaka kwenye kidonda au kwenye mdudu. Na seli ina pua zake za kunusia, wataalamu wanaziita vipokezi, na hiyo CCR8 ya kaka yako ni jina la pua moja. Zimeshatambuliwa harufu kama 50 na pua kama 20, na pua moja inaweza kunusa harufu kadhaa, na harufu moja ikanuswa na pua zaidi ya moja. Hiyo hesabu iweke pembeni, ndo imewatesa watafiti miaka yote hii.

Kansa inafanya ujanja wa aina mbili. Wa kwanza ni kuiba pua. Mwaka 1889 kule London daktari mmoja wa upasuaji, Stephen Paget, alishangaa kansa ya titi mbona inasambaa zaidi kwenye viungo fulani na vingine inaviruka, akasema ni mbegu na udongo, mbegu inaota pale udongo unapoikubali. Zaidi ya miaka mia baadae, 2001, watafiti wakaonyesha kwamba seli za kansa ya titi zina pua inaitwa CXCR4, na harufu yake, CXCL12, iko nyingi kwenye mapafu, ini, tezi za limfu na uboho wa mifupa, yani kule kule kansa inakopenda kuhamia. Alafu 2006 Wajapani wakaangalia kansa ya tumbo, ile inayosambaa kwenye utando wa ndani wa tumbo ikaleta maji, wakakuta seli zake zina pua hiyo hiyo na yale maji yana hiyo harufu. Kwaiyo ukimuona mama tumbo limejaa maji, hii habari ya kemokini haiko mbali na yeye hata kidogo. Kaka yako kasoma kitu kinachomhusu.

Ujanja wa pili ndo mbaya zaidi kwa maoni yangu. Kinga ya mwili ina wapiganaji na ina pia askari wa kutuliza, kazi yao ni kuzuia wapiganaji wasije wakaushambulia mwili wenyewe, na hao askari ndo waliowapa Nobel ya 2025 Shimon Sakaguchi wa Japani na Wamarekani wawili, Mary Brunkow na Fred Ramsdell. Ni askari wazuri hao, bila wao tungejila wenyewe. Sasa uvimbe unatoa harufu ya kuwaita, wanakuja wanauzunguka, wapiganaji wakifika wanakuta polisi wamesimama wanawaambia tulieni hapa hakuna shida. Kansa inakaa inakula kwa ulinzi wa polisi wa mwili wenyewe, sijui kama unanielewa.

Mtu akisikia hivi anauliza kwa nini wasizibe tu hizo pua. Wamejaribu mwanangu. Dawa ya kuziba CXCR4 ipo tangu 2008, pleriksafori, ilianza kama mpango wa dawa ya HIV ikashindikana, wakashangaa inamwaga seli mama za damu kutoka kwenye uboho kuja kwenye damu, kwaiyo ikaidhinishwa kwa kazi hiyo, kuvuna seli za kupandikiza kwa wagonjwa wa kansa za damu. Umeona hapo? Ile pua sio ya kansa peke yake, ndo inayozishikilia seli mama nyumbani kwao. Ukitaka kuiziba miezi na miezi kwa mtu ambaye kemo tayari imemshusha damu, unagusa mambo mengi kwa wakati mmoja. Na ile hesabu niliyokwambia uweke pembeni irudishe sasa, ukiziba njia moja zipo nyingine, ni kama kufunga geti la mbele kwenye nyumba ya uswahilini, watu watapita uani kwa mama Salma. Alafu kuna harufu nyingine, CXCL9 na CXCL10, hizo zinawaita wapiganaji waje kwenye uvimbe, hizo tunazitaka! Kwaiyo mtu akikwambia ana dawa ya "kufunga kemokini" muulize anafunga ipi na anaacha ipi.

Wajapani wakaja na ya pua ya CCR4, mogamulizumabu, kwao iliruhusiwa 2012 kwa aina moja ya kansa ya damu na Marekani 2018 kwa kansa za damu zinazotokea kwenye ngozi. Huko imesaidia watu. Wakaijaribu kwenye uvimbe mgumu, yani kansa zisizo za damu, ikiwemo ya tumbo, haikuleta maajabu, maana CCR4 wanayo pia wapiganaji wazuri, unaondoa adui unaondoa na ndugu.

Ndo watu wakahamia CCR8, na hapa kaka yako nampa heshima yake, maana hiyo pua iko nyingi kwa wale askari waliokwisha jipenyeza ndani ya uvimbe, wa kwenye damu ya kawaida wanayo kidogo. Ila amekosea kitu kimoja kikubwa, dawa inayozungumzwa haizibi mawasiliano, inatumia ile pua kama alama, kama umepaka rangi mlango wa nyumba, ili askari wa ndani ya uvimbe watambulike na kuuliwa. Kwenye mkutano mkubwa wa madaktari wa kansa Chicago mwaka 2024 yalitolewa matokeo kutoka China, wagonjwa wa kansa ya tumbo waliopewa dawa ya namna hiyo pamoja na dawa nyingine ya kuamsha kinga, walioangaliwa matokeo walikua 36 na uvimbe ulipungua kwa zaidi kidogo ya theluthi yao. Kwa kansa hii, kwa watu walioshapita kemo, hiyo ni namba ya kumfanya daktari akae vizuri kwenye kiti. Ila ni watu 36 mwanangu, dawa mbili kwa pamoja, hakuna kundi la pembeni la kulinganisha, na kupungua uvimbe sio kupona. Nimeona dawa ngapi zimeng'aa kwa watu thelathini zikafa kwa watu mia tano.

Sasa huyo jamaa. Majaribio ya kweli hayauzi nafasi. Wenye dawa ndo wanaomtafuta mgonjwa, dawa ya majaribio wanaitoa wao, na mgonjwa anachaguliwa kwa masharti sio kwa kuwahi kulipa: anatembea na kujihudumia, damu na figo na ini vinasoma vizuri kiasi gani, ameshatumia dawa zipi, na mara nyingi wanataka kinyama kipya na mtu akae karibu na hospitali miezi. Mama yako ndo kwanza ana mizunguko miwili ya kemo ya kwanza, majaribio mengi ya aina hii yanamtaka mtu ambaye hiyo ya kwanza imeshashindwa. Mwambie kaka amuombe huyo jamaa namba ya usajili, kama ni ile daftari ya Marekani ya ClinicalTrials.gov inaanza na NCT na tarakimu nane, China nao wana daftari lao ChiCTR. Akiipata aifungue mwenyewe, humo kuna jina la hospitali na la daktari anaesimamia, awapigie hao moja kwa moja, yeye si yuko huko huko? Aulize kama wanachukua wageni na kama kuna hela ya kushika nafasi. Jamaa akianza kusema namba ni siri ya kampuni, mmeshamjua.

Alafu naona wote mmeruka kitu ambacho kiko hapo hapo mlipo. Kile kinyama cha mama hakijatupwa, kimegandishwa kwenye kipande cha nta maabara, na kinaweza kupimwa tena. Kipimo cha kwanza ni HER2, alama inayokaa juu ya seli za kansa. Kansa za tumbo kama moja kati ya tano au sita hivi zina hiyo alama, na maabara zinazopima kansa ya titi ndo hizo hizo zinazopima HER2 kwaiyo sio kitu cha kusafirisha China. Ikiwepo, kuna trastuzumabu inaongezwa kwenye kemo, utafiti wa 2010 wagonjwa waliishi miezi 13.8 kwa wastani wa kati, wa kemo peke yake 11.1. Najua unaposoma hiyo namba unasema shangazi, miezi miwili na kitu? Ndiyo, na hiyo ilishangiliwa. Ndo ujue kansa hii ikifika stej ya nne inavyokua mbishi, na mtu anaewaahidi kupona kwa dola 18,000 mmpime kwa namba hiyo.

Cha pili waulizie kipimo cha MSI, kuna maabara wanaita MMR, kinaangalia kama seli za kansa zimeshindwa kurekebisha makosa kwenye vinasaba vyake. Wenye hitilafu hiyo ni wachache ila wakipata dawa za kuamsha kinga kama nivolumabu wengine wanakaa vizuri muda mrefu sana. Kwa wengine wenye alama nyingi ya PD-L1, ile inayoificha kansa kwa askari wa kinga, utafiti mkubwa wa 2021 wa nivolumabu pamoja na kemo ulitoa miezi 14.4 ya kuishi dhidi ya 11.1 ya kemo peke yake, na hiyo dawa ni ghali, inarudiwa kila wiki mbili au tatu, kwaiyo hapo ndo mkae na daktari mpige hesabu na bima kwa makini. Kuna na dawa ya kansa zenye alama nyingine, klaudini 18.2, imeruhusiwa Japani na Marekani 2024, muulizeni tu msikie. Hizi zote zina utafiti wa mamia ya watu nyuma yake. Kama siku moja mama atafaa majaribio ya CCR8, haya majibu watayataka pia, kwaiyo hujapoteza kitu.

Vidonge vya HIV: anachosema kaka ni maraviroki, inaziba pua ya CCR5, iliidhinishwa 2007. Wajerumani wa Heidelberg waliijaribu kwa kundi dogo la watu wenye kansa ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini, wakatoa matokeo 2016, ni utafiti mzuri wa kufikirisha ila sio kansa ya mama. Na hiyo dawa inachakatwa na ini, ini la mama lina madoa na linabeba kemo. Akitapika damu au akiwa wa njano, daktari hatajua kinachoendelea kwa sababu we umempa kimyakimya. Yule mtu wa Dar akifika mwambie asante, arudi navyo.

Sasa nije kwenye lililonikera. Hati ni ya mama. Kiwanja ni cha mama. Kansa ni ya mama. Na mnataka asaini mkimdanganya ni kodi ya ardhi! Mwanangu, hata kama dawa ingekuwa ya kweli asilimia mia, hiyo ni kumuibia mama yenu. Mwanamke wa miaka 61 aliyewalea, anatundikiwa dripu kwenye wodi ambayo wote wanaonyonyoka nywele wanajua wanaumwa nini, unadhani hajui? Wagonjwa wangu wengi walikua wanajua, wananiambia nesi usiwaambie watoto kama najua wataumia. Watoto nao wananiambia nesi usimwambie mama. Nakaa katikati kama mjinga. Muombe daktari wake mkae pamoja, mama awepo, umwanzie kwa swali tu, mama unafikiri unaumwa nini, ujibu kile alichouliza usimwage kila kitu siku moja. Pengine atataka kuendelea na kemo kwa nguvu zote, pengine atataka hicho kiwanja kigawiwe anavyojua yeye akiwa bado ana sauti. Huyo anaepalilia maua sio mtu wa kuamuliwa.

Na wakati huo huo muulizeni daktari kuhusu kumtoa maji tumbo likibana, dawa nzuri ya kutapika inayotangulia kemo sio inayofuata, na maumivu yakija msiogope mofini ya maji, haimalizi mtu inampa usingizi wa kawaida. Ale kidogo kidogo mara nyingi. Homa yoyote ya kufika 38 ndani ya hizi wiki za kemo hampigi simu kwangu wala kwa kaka, mnaenda hospitali usiku huo huo, vivyo hivyo akitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami.

Moja la mwisho na hili ni lenu watoto. Bakteria wa vidonda vya tumbo, yule aitwae pailori ambae Barry Marshall na Robin Warren walipewa Nobel yake 2005, ndo chanzo kikubwa cha kansa hii, na mmekua mnakula sufuria moja. Wakorea walichukua ndugu wa damu wa wagonjwa wa kansa ya tumbo waliokua na huyo bakteria, nusu wakapewa dawa za kumuua, wakawafuatilia miaka kama tisa hivi, matokeo ya 2020 yanasema waliotibiwa waliopata kansa ni asilimia 1.2 na wasiotibiwa 2.7. Kipimo ni cha choo, dawa ni za wiki mbili. Wewe, mdogo wako anaelia, na kaka huko Guangzhou pia, hiyo ndo kazi ya kumpa akiuliza afanye nini.

Jumatatu saa mbili asubuhi nenda dirishani maabara na namba ya mama ya faili, uliza kile kinyama cha mwezi wa tatu kiko wapi na HER2 inachukua siku ngapi. Ila kabla ya Jumatatu, leo hii mama akitoka kwenda bustanini, irudishe hati kabatini kwake.